Je, vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa Nikea mwaka 325? Na kwa nini mwisho wa Marko umo ndani ya mabano?

Msomaji wa Alhamisi

Salaam kwenu nyote. Ninaongoza kikundi kidogo cha kusoma Biblia ambacho hukutana kila Alhamisi jioni sebuleni kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, na kwa miezi minne iliyopita tumekuwa tukisoma Injili ya Marko, sura moja kila juma. Alhamisi iliyopita tulifika sura ya 16. Kijana mmoja, fundi simu na msomaji hodari, aliuliza kwa nini katika Biblia yake mabano yamefunguliwa kabla ya mstari wa 9 na kufungwa baada ya mstari wa 20, ilhali Biblia ya bibi aliyeketi karibu naye, ambayo ni ya tafsiri nyingine, haina alama yoyote mahali hapo. Bibi akavua miwani, akaisogeza Biblia ya kijana kwenye taa, akayatazama mabano yale kwa muda mrefu, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Sikuwa na jibu.

Kabla hatujaagana kijana akaongeza jambo jingine. Amesikia kwenye video kwamba Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea mwaka 325, wakapiga kura, vitabu vilivyomfaa vikaingia katika Agano Jipya na vilivyobaki vikachomwa moto. Kama ni kweli, alisema, basi kitabu tunachokisoma kila Alhamisi ni uamuzi wa mfalme.

Nilimpelekea maswali haya kiongozi mmoja ninayemheshimu, naye akaniambia kwamba maswali ya namna hiyo hudhoofisha imani na ni afadhali yaachwe. Sikuridhika, kwa sababu kijana hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa kuwa anataka kujua kitabu anachokiamini kimemfikiaje. Naomba wenye kuijua historia hii wanisaidie katika mambo matatu: Nikea iliamua nini, mabano yale yanamaanisha nini, na maandishi ya zamani kabisa ya Wakristo ni yapi na miaka yake inajulikanaje.

Karani wa Hati

Ndugu Msomaji wa Alhamisi, nianze na Nikea, kwa kuwa hapo jibu liko wazi kuliko kwenye mabano. Baraza la Nikea, ambalo wenzetu Wakatoliki huliita mtaguso, liliitishwa na Konstantino mwaka 325 katika mji ambao leo uko Uturuki na huitwa İznik. Yaliyowakutanisha maaskofu yanajulikana: mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria aliyesema kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo, tarehe ya kuadhimisha Pasaka, na nidhamu ya makasisi na waumini. Kanuni 20 zilizotolewa na baraza hilo tunazo hadi leo, na tunazo pia barua zilizoandikwa na watu waliohudhuria. Hakuna kanuni hata moja inayotoa orodha ya vitabu.

Hadithi ya kuchagua vitabu ina chanzo chake, na inafaa kijana wako akijue. Kuna kitabu cha Kigiriki cha mwishoni mwa karne ya 9, kiitwacho Synodicon Vetus, kinachosimulia kwamba maaskofu wa Nikea waliviweka vitabu vyote karibu na altare, wakaomba, na vilivyo vya kweli vikaonekana viko juu na vya uongo vikabaki chini. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 500 baada ya baraza lenyewe. Katika karne ya 18 Voltaire, mwandishi Mfaransa, aliichukua simulizi hiyo na kuieneza kwa kuidhihaki, na tangu hapo imekuwa ikizunguka, kila msimuliaji akiongeza chake.

Jambo la pili linalochanganya watu ni kwamba, karibu na mwaka 331, Konstantino alimwandikia Eusebi, askofu wa Kaisaria, akimwagiza atengeneze nakala 50 za Maandiko kwenye ngozi nzuri kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya wa Konstantinopoli. Kaisari alilipia kazi ya wanakili, nayo barua yake haitaji kitabu kipi kiingie na kipi kitoke. Eusebi huyo huyo, katika historia yake ya Kanisa, anavigawa vitabu kwa namna ambayo mtu anayetii amri asingeigawa: viko vinavyokubaliwa na wote, viko vinavyobishaniwa ingawa wengi wanavijua, miongoni mwao Waraka wa Yakobo, wa Yuda, wa pili wa Petro, na wa pili na wa tatu wa Yohana, na viko vingine vya kuwekwa kando. Kitabu cha Ufunuo anakitaja mahali pawili, kwa vinavyokubaliwa na kwa vya kuwekwa kando, kwa sababu makanisa yenyewe yalikuwa hayajaelewana.

Na mabishano hayo hayakuisha Nikea. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vile vile tunavyovijua iko katika waraka wa Pasaka wa Atanasi, askofu wa Aleksandria, wa mwaka 367, yaani miaka 42 baada ya baraza. Atanasi alikuwapo Nikea akiwa shemasi kijana, akimsindikiza askofu wake. Kama baraza lingekuwa limekata shauri juu ya vitabu, yeye angekuwa mtu wa kwanza kulitaja ili kuwanyamazisha wapinzani, lakini katika waraka ule anategemea mapokeo ya mababa na desturi ya makanisa. Mabaraza ya Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, ndiyo yaliyokuja kuthibitisha orodha kwa ajili ya makanisa yao. Kwa upande wa pili, Injili nne zilikuwa zimekwisha kupata nafasi yake mapema sana: Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika karibu na mwaka 180 kwamba Injili haziwezi kuzidi nne wala kupungua, akizilinganisha na pande nne za dunia na pepo nne. Hiyo ni miaka karibu 145 kabla ya Nikea, wakati ambapo hapakuwa na mfalme yeyote upande wa Wakristo.

Kuhusu vitabu kuchomwa moto, naomba uwasomee wenzako habari hii, kwa sababu mimi iliponifikia ilinibadilisha namna ninavyoishika Biblia. Mwaka 303 Kaisari Dioklesiani alitoa amri kwamba makanisa yabomolewe na Maandiko ya Wakristo yachomwe. Tarehe 19 Mei mwaka huo, mkuu wa mji wa Cirta, ambao leo uko Aljeria, alikwenda na makarani wake kwenye nyumba ya ibada, na kumbukumbu ya upekuzi huo imetufikia kwa sababu ilisomwa baadaye mahakamani. Makarani waliandika kila kitu: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, kanzu 82 za wanawake, jozi 47 za viatu vya wanawake, bila shaka vitu vya kuwagawia maskini. Walipodai vitabu, wakapewa kimoja kikubwa tu, na kuambiwa kwamba vilivyobaki vinatunzwa na wasomaji. Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwa fundi wa nakshi za vijiwe wakapata vitabu vitano, kwa mwalimu wa sarufi viwili na mafungu manne ya karatasi zisizojalidiwa, na katika nyumba ya mwisho mume hakuwapo, mkewe akatoa sita. Hivyo ndivyo Maandiko yalivyokaa kabla ya Nikea: kitabu hiki kwa huyu, kile kwa yule, kila msomaji akitunza alichokabidhiwa ili akisome siku ya ibada. Palipokuwa na moto, waliouwasha walikuwa watu wa Kaisari, na vilivyoungua vilikuwa vitabu vya kanisa.

Mfuasi wa Jeromu

Karani, maelezo yako ni mazuri, lakini kwa ajili ya ukweli kamili naomba niongeze jambo moja ambalo wapinzani wako wangeweza kulileta. Jeromu, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, katika dibaji yake ya Kitabu cha Yudithi anaandika kwamba inasomwa kuwa Baraza la Nikea lilikihesabu kitabu hicho miongoni mwa Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba hakuna mtu wa zamani aliyewahi kuihusisha Nikea na hesabu ya vitabu.

Karani wa Hati

Nakushukuru, ndugu yangu, na hoja yako naikubali. Naielewa hivi: maaskofu waliokutana Nikea walinukuu Maandiko katika majadiliano yao, na huenda Yudithi kilinukuliwa kama Andiko, jambo ambalo mtu wa baadaye angeweza kulieleza kwa maneno kama ya Jeromu. Tena Yudithi ni kitabu kinachohusu mipaka ya Agano la Kale, ilhali swali la kijana lilikuwa juu ya Agano Jipya. Hata hivyo, ni vizuri kikundi cha Alhamisi kikaisikia habari hiyo kutoka kwetu kuliko kukutana nayo kwa mtu anayeitumia kama fimbo.

Mama Maktaba

Mimi nitajibu la mabano, kwa sababu ni jambo ambalo nimelikalia kwa muda mrefu, na kwa sababu mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kujionea mwenyewe. Picha za kurasa za Kodeksi ya Sinai, nakala ya karne ya 4 iliyotunzwa kwa karne nyingi katika monasteri ya Mtakatifu Katarina na ambayo sehemu yake kubwa iko London tangu mwaka 1933, zimewekwa wazi kwa watu wote. Ukurasa una safu nne nyembamba za herufi kubwa za Kigiriki, hakuna nafasi kati ya neno na neno. Marko anafika kwenye mstari tunaouita wa 8, mahali ambapo wanawake wanakimbia kutoka kaburini wala hawamwambii mtu neno, maana waliogopa. Mnakili akachora pambo la wino chini ya maneno hayo, akaandika jina la Injili, akaiacha sehemu iliyobaki ya safu ile tupu. Juu ya safu inayofuata Luka anaanza. Sikuhitaji kujua Kigiriki ili nione kwamba kwa mnakili yule kitabu kimekwisha.

Nakala nyingine kubwa ya karne hiyo hiyo, Kodeksi ya Vatikani, nayo inaishia hapo hapo, lakini ina jambo la ajabu. Mnakili wake huandika safu tatu katika kila ukurasa, na desturi yake ni kuanza kitabu kipya kwenye safu inayofuata. Baada ya Marko ameiruka safu nzima, akaiacha tupu, ndipo Luka akaanza kwenye ukurasa mwingine. Katika Agano Jipya lake hakuna mahali pengine alipofanya hivyo. Wataalamu wengi huona kwamba alijua kuna maneno mengine yanayosomwa mahali pale, ila nakala aliyokuwa akiinakili haikuwa nayo, na mkono wake ukasita. Wengine wanatoa maelezo tofauti, lakini mimi kila nikiitazama safu ile tupu nashindwa kuisoma kwa namna nyingine.

Eusebi aliyetajwa hapo juu alimwandikia mtu mmoja aitwaye Marino kwamba nakala zilizo sahihi huishia kwenye maneno ya woga wa wanawake. Kwa hiyo wanaosema kwamba mabano ni uzushi wa wazungu wa siku hizi wanakosea. Swali hili lilikuwa mezani mwa maaskofu miaka 1,700 iliyopita. Lakini nisiegemee upande mmoja. Ireneo, karibu na mwaka 180, anaunukuu mstari wa 19 na kusema kwamba umo mwishoni mwa Marko. Hiyo inatangulia kodeksi zote mbili kwa zaidi ya miaka 100, na nakala nyingi sana za Kigiriki za karne zilizofuata zina mistari yote 12. Kwa hiyo mistari hiyo ni ya zamani mno. Kinachobishaniwa ni kama mkono ulioiandika ni ule ule ulioandika sura 15 zilizotangulia.

Hapo kikundi chenu kinaweza kujipima kwa Kiswahili, bila kodeksi yoyote. Mstari wa 9 unamtambulisha Mariamu Magdalene kana kwamba msomaji hajawahi kumsikia, ukieleza kwamba ndiye aliyetolewa pepo saba, ingawa ametajwa mara mbili katika sura ya 15 na tena mwanzoni mwa sura ya 16. Vilevile, katika 14:28 na 16:7 wanafunzi wanaahidiwa kwamba watamwona Yesu Galilaya, na msomaji anaisubiri Galilaya hiyo, lakini kuanzia mstari wa 9 hadi wa 20 Galilaya haitajwi kabisa. Someni kwa sauti mistari ya 6 hadi 10 mfululizo, na mtasikia mshono.

Kuhusu bibi ambaye Biblia yake haina mabano, mwambieni kwa upole kwamba hajadanganywa. Tafsiri za zamani zilifuata matoleo ya Kigiriki yaliyochapwa kuanzia karne ya 16, ambayo yalitokana na nakala chache za karne za baadaye, na nakala hizo zilikuwa na mistari hiyo bila alama. Watafsiri waliokuja baadaye walikuwa na nakala za zamani zaidi mezani, wakaona wasifute maneno ambayo Kanisa limeyasoma kwa karne nyingi, wala wasiyafiche mashaka yaliyopo. Mabano yakawa njia yao ya kusema yote mawili kwa pamoja.

Mpwani Msomaji

Asalaam aleykum na salaam kwa wote. Mimi ni Muislamu kutoka Pwani, na naingia kwa heshima, kwa sababu mjadala huu unaendeshwa kwa adabu. Sisi tunafundishwa kwamba Injili aliteremshiwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, na kwa hiyo swali langu limekuwa siku zote ni hili: kwa nini maandishi yote mnayoyataja ni ya Kigiriki, ilhali Nabii Isa na wanafunzi wake walisema lugha ya watu wa Palestina? Je, kuna nakala yoyote ya zamani ya lugha yake mwenyewe?

Na la pili ni wazo zaidi kuliko swali. Katika mapokeo yetu, Sayyidna Uthman alisimamia kuandikwa kwa msahafu mmoja, akatuma nakala kwenye miji mikubwa na kuamuru nyingine zichomwe, ili umma usigawanyike. Nikisoma maelezo ya Karani juu ya Cirta, naona kwamba Wakristo wa mwanzo hawakuwa na mtu wa namna hiyo, wala dola ya kumpa nguvu hiyo. Je, si ndiyo sababu tofauti kama hii ya mwisho wa Marko imebaki ikionekana hadi leo?

Mwalimu Mstaafu

Waaleykum salaam, ndugu yangu wa Pwani. Nianze na wazo lako la pili, kwa kuwa umeligusa jambo ambalo wengi hupita bila kuliona. Katika karne tatu za kwanza hapakuwa na ofisi wala mtawala aliyeweza kuzikusanya nakala zote kutoka Misri, Shamu, Rumi na Galia na kuzilinganisha. Kila kanisa lilinakili kwa mkono wa mtu liliyempata. Matokeo yake ni mawili yaliyofungamana: makosa na nyongeza ziliingia kwa urahisi, lakini hapakuwa na mtu wa kuzifuta tofauti hizo, na kwa hiyo tukiwa leo na zaidi ya nakala 5,000 za Kigiriki, nyingi zikiwa za karne ya 9 na kuendelea, tunaweza kuziweka kando kwa kando na kuona ni wapi zinapoachana. Anayesema kwamba kuna mtu mmoja aliyeyabadilisha maandishi haya kwa siri anapaswa kueleza aliwezaje kuifikia kabati ya kila msomaji wa kila mji.

Juu ya lugha, jibu la kweli ni kwamba hatuna Injili ya zamani ya Kiaramu iliyotangulia hizi za Kigiriki. Askofu Papia, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 na ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebi, anasema kwamba Mathayo aliyapanga maneno ya Bwana kwa lugha ya Kiebrania, na kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro akaandika aliyoyakumbuka, ingawa si kwa mpangilio. Wataalamu wanabishana sana juu ya Papia alikuwa anazungumzia kitabu kipi, kwa sababu Mathayo tuliyo naye anasomeka kama kitabu kilichotungwa kwa Kigiriki, na sehemu kubwa mno ya Marko imo ndani yake, mara nyingi kwa maneno yale yale. Hata hivyo sauti ya lugha ya Yesu haikupotea yote. Fungueni Marko 5:41, mtakuta Talitha kumi, 7:34, Efatha, 14:36, Aba, 15:34, Eloi, Eloi. Mwandishi anaandika kwa Kigiriki, kisha anasimama, anaacha neno la Kiaramu kama lilivyotamkwa, na kulitafsiri kwa ajili ya wasomaji wasiolijua. Kwa nini Kigiriki? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya biashara na mawasiliano kuanzia Misri hadi Makedonia, kama Kiswahili kilivyokuwa njia ya kusemezana kwa misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwenye habari ya kupeleka mbali huipeleka kwa lugha inayofika.

Sasa nije kwenye swali la tatu la Msomaji wa Alhamisi, lile la miaka. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa Injili zimepangwa mbele, ndizo zilizoandikwa kwanza. Maandishi ya Kikristo ya zamani kabisa tuliyo nayo ni nyaraka za Paulo. Kati ya 13 zenye jina lake, saba zinakubaliwa na karibu wataalamu wote kwamba ni zake: Warumi, mbili kwa Wakorintho, Wagalatia, Wafilipi, wa kwanza kwa Wathesalonike, na Filemoni; juu ya nyingine kuna ubishi wa viwango tofauti. Na miaka yake tunaijua kwa sababu ya jiwe. Huko Delphi, Ugiriki, vilipatikana vipande vya maandishi ya Kaisari Klaudio yanayomtaja Galio kuwa liwali, pamoja na hesabu ya mara ambazo Klaudio alikuwa ameshangiliwa na majeshi yake, hesabu inayotuwezesha kuuweka uliwali huo karibu na mwaka 51. Matendo 18:12 inasema kwamba Paulo alishtakiwa Korintho mbele ya Galio. Kwa hiyo mguu mmoja wa Paulo tunaujua ulikuwa wapi na lini, na kutoka hapo tunahesabu mbele na nyuma. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike unaangukia miaka hiyo hiyo, kama miaka 20 hivi baada ya kusulubiwa kwa Yesu.

Ndani ya nyaraka hizo kuna mambo ya zamani kuliko nyaraka zenyewe. Katika 1 Wakorintho 15:3 Paulo anasema kwamba aliwakabidhi yale aliyoyapokea yeye mwenyewe, kisha anataja kwa mfululizo kufa, kuzikwa, kufufuka, na kuwatokea Kefa, yaani Petro, na wale kumi na wawili. Huo ni mtindo wa maneno yaliyokaririwa. Na katika Wagalatia 1 anaeleza kwamba alikaa na Kefa Yerusalemu siku kumi na tano, na akamwona Yakobo, ndugu wa Bwana. Yakobo huyo anatajwa pia na Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi, anapoandika karibu na mwaka 93 juu ya kuuawa kwake mwaka 62. Hapo tuna watu wawili wasioshirikiana imani wanaomtaja mtu mmoja, na kwa mwanahistoria hicho ni kitu cha thamani kubwa.

Injili zenyewe hazina jina la mwandishi ndani ya maandishi yake; majina tunayoyajua yamo katika vichwa vya habari. Wengi huiweka Marko karibu na mwaka 70, ulipobomolewa hekalu la Yerusalemu, kwa sababu ya sura ya 13, ambamo Yesu anatabiri kubomolewa huko, na Mathayo, Luka na Yohana baada yake. Wapo wanaoirudisha Marko nyuma zaidi, na hoja zao si za kupuuzwa. Mimi mwenyewe nafuata walio wengi, lakini sitagombana na mtu kwa miaka kumi.

Naomba niwaonye juu ya jambo moja tu. Mkiona habari kwamba kimepatikana kipande cha Injili cha karne ya 1, ngojeni. Mwaka 2012 ilitangazwa hadharani Marekani kwamba kuna kipande cha Marko cha karne hiyo, watu wakakihubiri kwa miaka sita. Kilipochapishwa mwaka 2018 kilikadiriwa kuwa cha mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa karne ya 3. Hata kile kipande mashuhuri cha Yohana kilichoko Manchester, chenye ukubwa usiozidi kiganja, ambacho kwa miaka mingi kilipewa mwaka 125 hivi, sasa wataalamu kadhaa wanaona kwamba kwa kutazama mwandiko peke yake hakiwezi kubanwa hivyo, na kwamba kinaweza kuwa cha mwishoni mwa karne ya 2. Mwandiko hukadiriwa kwa miongo, na mtu anayekupa mwaka kamili anakupa zaidi ya alicho nacho.

Msomaji wa Alhamisi

Nimesoma majibu yote mara mbili na nimeyachapa ili wasio na simu wayapate. Ndugu Mpwani, nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu swali lako limeleta jibu ambalo mimi nisingejua hata kuliuliza.

Kijana wetu nimekutana naye jana nikamsimulia habari ya Cirta. Alinyamaza, kisha akauliza kama yule mwanamke ambaye mumewe hakuwapo alitoa vitabu vyote sita au alibakiza kimoja. Je, kumbukumbu inasema? Bibi naye ameomba nimwandikie kwa herufi kubwa ile mistari ambayo Marko ameacha maneno ya Yesu bila kuyabadilisha. Alhamisi nimekusudia kusoma sura ya 16 hadi mstari wa 8 na kusimama hapo kwa muda, kama ilivyo katika Kodeksi ya Sinai, kisha nisome mistari iliyo ndani ya mabano na kueleza kwamba Ireneo aliijua.

Karani wa Hati

Kumbukumbu inasema kwamba mkuu wa mji alimwambia mwanamke yule atazame asije akawa na vingine zaidi. Akajibu kwamba hana. Mtumishi wa mji akaagizwa aingie ndani apekue, naye akatoka akasema kwamba ametafuta na hakupata kitu.